Jina la nani kwenye karatasi ya nyumba?



Wiki mbili zilizopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za AVEC na kufunga kisanduku, mama mmoja wa chama chetu alitoa simu atuonyeshe picha. Binti yake ameolewa Nairobi. Picha ilikuwa ya majumba ya ghorofa, marefu, yaliyopakwa rangi vizuri, na watoto wanacheza chini. Akatueleza kwamba huko Kenya serikali inajenga nyumba za bei nafuu, na kwamba mkwe wake anakatwa pesa kila mwezi kwa ajili hiyo.

Ni kweli. Kenya ilitunga sheria ya nyumba hizo mwaka 2024. Kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Anayetaka nyumba anajiandikisha, anaweka akiba ya malipo ya kwanza, na akichaguliwa analipa polepole kwa miaka. Kukatwa si kupewa, mkwe bado anangoja. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kuona mapazia dirishani. Akauliza: "Na sisi huku, Leta itatusaidia lini kununua nyumba?"

Tulicheka wote, isipokuwa mama mmoja mzee aliyehamia kwa binti yake hapa Muhumba kutoka Bagira. Akasema: "Ilikwisha kutusaidia mara moja. Mimi niko shahidi, na angalia niko wapi."

Wengi wetu tunapita Bagira bila kujiuliza nyumba zile za matofali zilizopangwa kwa mistari zilitoka wapi. Wakati wa Wabelgiji, baada ya vita kubwa ya pili, watu walijaa mijini na nyumba hazikutosha. Mwaka 1952 serikali ya koloni ilianzisha ofisi ya kujenga makao ya Waafrika, Office des Cités Africaines, ndiyo wazee wanayoiita OCA mpaka leo. Ilijenga Léopoldville, Elisabethville, Usumbura, na hapa kwetu. Kulikuwa pia na mfuko uliotoa mkopo wa kujenga, Fonds d'avance, na mwingine uliokuja baada ya safari ya mfalme Baudouin ya mwaka 1955, Fonds du Roi. Mtu mwenye kazi ya mshahara aliweza kuingia katika nyumba ya OCA, akalipa kidogo kidogo, na mwishowe nyumba ikawa yake. Muhumba wakati ule ilikuwa ya Wazungu, na villa zao zikitazama ziwa. Bagira na Kadutu ndiko Mwafrika alikopewa nafasi ya kulala na ya kumiliki.

Hatutaisifu koloni, watu walipangwa kwa rangi ya ngozi. Lakini tusikatae pia kwamba baba wengi wa mji huu walipata nyumba yao ya kwanza kwa njia hiyo, bila kuwa na pesa yote mkononi.

Shida ilikuwa katika jina. Kazi ya mshahara ilikuwa ya wanaume, kwa hiyo karatasi iliandikwa jina la mwanamume. Baba mkwe wa mama mzee wetu alimaliza malipo yake, akafurahi, akaweka karatasi katika sanduku la nguo. Alipokufa hakuna aliyekwenda ofisini kubadilisha jina. Mtoto wake mkubwa alibaki ndani na bibi yake, ndiye huyu mama yetu. Wakazaa humo. Yeye mwenyewe aliuza samaki miaka mingi, akabadilisha mabati yote, akaongeza vyumba viwili nyuma, akajenga choo. Bwana alipokufa, mashemeji walikuja siku ya kuondoa matanga. Hawakugombana. Walimwambia kwa upole kwamba nyumba ni ya baba yao, na kwamba karatasi inasema hivyo. Na karatasi kweli ilisema hivyo. Mabati ya mama hayakuandikwa popote.

Kisanduku chetu cha AVEC kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu tofauti, kwa sababu ya pesa ambazo hazifiki bei ya chumba kimoja. Nyumba nzima tunaiacha na ufunguo mmoja.

Tuliandika hadithi hii kwa ruhusa yake, na kwa sababu ya mama wa Nairobi. Siku hiyohiyo alitufichulia kwamba yeye na bwana yake walikuwa karibu kununua. Miaka kumi na moja wamelipa kodi ya nyumba kwa dola, na kila wakihama wanaombwa garanti ya miezi sita. (Sheria ya upangishaji ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Mwambie mwenye nyumba hivyo uone atakavyokutazama.) Komisioneri alikuwa amewapatia nyumba ya matofali huko Kadutu, vyumba vitatu, dola 12,000. Pesa ilikuwa tayari, na zaidi ya robo yake ilitoka kwake yeye, katika AVEC na biashara ya vitenge. Akatuuliza tu, kama vile anauliza bei ya unga: "Jina langu litaingia wapi?"

Bwana yake alikuwa amemjibu kwamba wao ni mwili mmoja, jina moja linatosha. Hatumlaumu, ni mtu mwema na anasali nasi. Ila tulikaa na mama yule mpaka saa moja ya usiku.

Kwanza tulimuuliza kuhusu ndoa. Walifunga kanisani, na mali ilitolewa, mbuzi na ng'ombe. Je, walifika komini? Hawakufika. Hapo ndipo wengi wetu tunaangukia. Mbele ya sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, ndoa ya kanisa peke yake haihesabiwi, na ndoa ya kimila inapaswa kuandikishwa kwa ofisa wa komini. Bila hiyo, siku ya taabu, wewe uliyezaa watoto sita unaitwa mgeni katika nyumba.

Mkiandikisha, ofisa anawauliza mnachagua mpango gani wa mali: kila mtu na chake, vyote pamoja, au pamoja vile tu mtakavyopata ndani ya ndoa. Mkinyamaza, sheria inawahesabu katika huo wa tatu. Tumeona wamama wanajibu kwa haraka ili picha zipigwe. Mpango unaochaguliwa siku ile ndio utakaoulizwa siku ya matanga.

Tulipiga hesabu kwenye mgongo wa daftari la chama. Chukua nyumba ya 12,000 iliyonunuliwa ndani ya ndoa iliyoandikishwa, katika mpango huo wa tatu. Bwana akifa, nusu, yaani 6,000, ni ya mama tangu mwanzo, si urithi. Nusu nyingine ndiyo inayorithiwa: watoto wanachukua robo tatu yake, 4,500. Inabaki 1,500, na humo ndimo mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wanagawana. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja, mradi hajaolewa tena. Sasa linganisha na mashemeji wanaokuja kuchukua 12,000 nzima. Mama wa Nairobi alitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akatuomba kalamu, akaandika tena mwenyewe.

Kuna jambo ambalo mama zetu hawakuwa nalo. Sheria ya 1987 ilimlazimisha mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana kabla ya kufanya tendo la sheria. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa inasemwa kwamba wawili wapatane, na maana yake inarudi pande zote: bwana naye hawezi kuuza nyumba yenu ya pamoja bila wewe kukubali. Majina mawili yanaweza kuandikwa kwenye hati moja. Ni kusema tu kabla karatasi haijapigwa.

Na hati ni ipi? Hapa tunataka tuonane wazi, maana mji huu umejaa karatasi. Fishi ya parseli si hati. Barua ya shefu wa kartye si hati. Akti ya kuuza iliyosainiwa mbele ya mashahidi wanne na krati ya bia si hati, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Haki hiyo inasimama kwa karatasi moja tu, certificat d'enregistrement, inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Ikipita miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana mtu kuitikisa. Kwa parseli mpya mnaanza na mkataba wa muda wa miaka isiyozidi mitatu, mnajenga ndani ya muda huo, kisha mnaomba haki ya kudumu. Wengi wanajenga na kusahau sehemu ya mwisho, wanaishi miaka ishirini juu ya mkataba uliokwisha kufa.

Tunajua kupata hati kunachosha, na kuna pesa zinazoombwa ambazo hazina risiti. Hilo tunalijua kama nyinyi. Ombeni risiti hata hivyo.

Basi mama wa Nairobi na bwana yake walikwenda pamoja ofisini kabla ya kutoa dola. Waliomba jambo dogo: waone jina lililo katika kitabu cha hati kwa ile nyumba ya Kadutu. Jina halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la baba yake, aliyekufa zamani, na muuzaji ana dada watatu, mmoja Uvira, wawili Bukavu hapa hapa, ambao hawakujua kwamba nyumba inauzwa. Dada, kwa sheria, ni warithi sawa na kaka. Ununuzi ulisimama siku ile. Komisioneri alikataa kurudisha dola 50 za kutembelea nyumba, nao wamemsamehe.

Tulimuuliza bwana yake anasema nini sasa. Mama alijibu kwamba alikaa kimya njia nzima kutoka ofisini mpaka nyumbani, kisha akauliza komini inafunguliwa saa ngapi.

Bado ni wapangaji hapa Muhumba. Pesa imerudi mahali salama, ndoa itaandikishwa mwezi huu huko Ibanda, na wanatafuta nyumba nyingine bila haraka. Mama mzee wa Bagira naye ameitwa na mashemeji kuzungumza. Mwanasheria anayetusaidia amemshauri akusanye kila risiti ya mabati na saruji aliyobaki nayo. Amepata saba, zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa pamoja na kadi za chanjo za watoto. Atakwenda na mwanamke wa chama, hatakwenda peke yake.

Jumamosi hii, baada ya likelemba, mwanasheria huyo atakuwa nasi tangu saa nane. Leta fotokopi ya karatasi yoyote uliyo nayo ya parseli au ya ndoa, acha ya asili nyumbani. Na bwana akitaka kuja, aje. Viti vipo.