Sehemu ya 4: Mwambie mwenzio ukweli wa kile chuo

Nilisema leo tutaendelea na mambo ya maziwa ya mtoto. Samahani, hayo tutayarudia. Leo kuna kitu kimenikaa kooni.

Asubuhi kwenye benchi la kliniki, kabla hatujaanza kupima uzito, ndipo vyuo vya nchi hii vinapopangiwa madaraja. Mmoja anasema chuo alichosoma mtoto wa shemeji yake kina ghorofa na bustani getini. Mwingine anasema cha kwao mahafali yalifana, maturubai mpaka barabarani. Pembeni kuna mama mdogo, mtoto ananyonya, ana mdogo wake kamaliza kidato cha nne. Anauliza ada tu. Anatajiwa. Anaondoka hapo ameshauza ndama kichwani.

Mimi naandika uzito kwenye kadi, nasikiliza. Na leo nasema, hata kama mtaninunia: tunadanganyana. Hatutungi uongo. Tunasema nusu moja, nusu nyingine tunaiacha nyumbani.

Aliyefanikiwa anasema. Picha ya joho inakaa kwenye statasi wiki nzima. Aliyeumia ananyamaza. Sasa wewe unayeuliza utasikia upande gani? Kila chuo kitakuwa kizuri, kwa sababu waliolia hawapo kwenye mazungumzo.

Najua kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao.

Mdogo wangu wa mwisho alimaliza kidato cha nne akiwa na D za kutosha, ila Kemia alipata F. Alitaka afya. Chuo kimoja, mbali na huku, kikatuambia, "Njooni tu, hilo tutaliweka sawa." Mimi nesi mwenye leseni, ninayejua sifa za kujiunga, nililipa. Nilijua na bado nililipa, maana nilitamani sana iwe kweli. Mwaka ukakatika. Tukaja kugundua jina lake halipo NACTVET. Alirudi nyumbani na koti jeupe na bahasha ya risiti.

Tukasema nini kwa majirani? "Amepumzika kidogo, anasubiri mtihani."

Kuna mama mmoja anauza ndizi pale barabarani, akanishika mkono siku ya soko. "Dada nesi, kile chuo alichoenda mdogo wako kikoje? Binti yangu anataka." Nikamjibu, "Ni kizuri tu, wako makini." Maneno matano. Nilikuwa nalinda jina la familia. Yeye akauza mtamba wake, akampeleka binti. Yaliyompata mdogo wangu yakampata na binti.

Ng'ombe yule niliuza mimi, kwa mdomo wangu. Nilienda kumwomba radhi baadaye. Aliniambia neno moja tu: "Ungeniambia."

Basi nawaambia.

Utasema, dada, siwezi kuharibia watu jina, na pengine bahati mbaya ilikuwa ya kwetu tu. Sawa. Usitukane chuo, usiweke chumvi. Sema kilichokupata: tulilipa kiasi hiki, tuliambiwa hivi, ikawa hivi. Huko si kuharibu jina. Jina linaharibiwa na anayepokea ada ya mtoto asiye na sifa huku akijua.

Na wewe unayeuliza, maswali yako ni mepesi mno. Acha kuuliza "kikoje?" Uliza hivi:

Kwanza, usajili. Chuo cha kati lazima kisajiliwe NACTVET (wengi bado tunaiita NACTE). Angalia na kozi yenyewe, sio chuo peke yake. Orodha ya vyuo na mwongozo wa udahili viko kwenye tovuti yao, bure. Huna simu kubwa? Mwombe kijana yeyote hapo kituoni akusomee.

Pili, sifa. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akikosa mojawapo na chuo kikasema "njooni tu", beba mkoba wako uondoke. Usifanye nilivyofanya mimi.

Tatu, wanafanyia wapi mazoezi? Hospitali gani, na kwa muda gani? Uuguzi haujifunzwi kwenye ghorofa yenye bustani. Unajifunzwa wodini, saa nane usiku, mama analia na mtoto amechelewa kutoka.

Nne, waliomaliza mwaka jana wangapi wamesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga? Kumaliza chuo hakukufanyi nesi. Kuna mtihani wa Baraza na kuna leseni. Bila hivyo, joho lilikuwa nguo ya picha. Na akitaka digrii baadaye ataombwa namba ya uhakiki, AVN, inayotoka NACTVET. Cheti kisichotambulika hakina namba hiyo.

Tano, gharama zote. Ada iliyo kwenye kipeperushi sio yote. Kuna sare, vifaa, mitihani, mazoezi, malazi. Omba waandike kwenye karatasi. Na uliza kuhusu mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, za afya zimo. Wengi tunauza shamba bila hata kuuliza.

Majibu ya maswali hayo usiyachukue kwa wakala anayepita nyumba kwa nyumba matokeo yakitoka. Nenda getini Jumamosi, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetoka kununua vocha. Huyo hana cha kukuuzia.

Jambo la mwisho, na hili litawauma wengine. Kwa nini kila mtoto lazima avae koti jeupe? Panda gari hapa Kikatiti kuelekea Arusha. Tengeru kuna chuo cha mifugo cha LITA, kuna MATI ya kilimo, kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kuna Patandi wanakofundishwa walimu wa elimu maalumu. Ukifika mjini kuna Chuo cha Ufundi, kipo tangu 1978. Lakini nikimtajia mama LITA ananijibu, "Mtoto wangu akachunge ng'ombe?" Mama huyo huyo ametoka kukamua asubuhi, na hela ya maziwa ndiyo iliyosomesha nyumba nzima! Tunadharau kinachotulisha, halafu tunamlazimisha mtoto aliyefeli Kemia aende kushika sindano.

Na usiseme mtoto wako ana miezi minne hayakuhusu. Huenda ada ya wadogo zako iko mgongoni kwako. Na chuo kibovu kinachopita leo kimya kimya ndicho kinachomwandaa mtu atakayetaka kukupokea wewe chumba cha kujifungulia. Ungependa amefundishwa wapi?

Kwa hiyo keshokutwa benchini, mwenzio akikuuliza "kikoje?", usimjibu nilivyomjibu yule mama. Mpe na ile nusu uliyoiacha nyumbani. Aibu yako itaisha kwa wiki moja. Mtamba wake haurudi.

Sehemu ya 5 tutarudi kwenye maziwa, naahidi. Usiku mwema.