Pima Kwanza, Kisha Hukumu

 

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, nimepokea barua ya mama mmoja ambayo imenishughulisha siku kadhaa. Anaeleza kwamba kaka yake aishiye Marekani, alipokuja kula Idi nyumbani, alimletea mpwawe, kijana wa miaka 13, seti ya kuunganisha gari dogo la plastiki. Ni mfano wa Dodge Charger ya mwaka 1969, mojawapo ya yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: magari ya milango miwili yenye injini kubwa kupita kiasi, yaliyovuma kuanzia Pontiac GTO ya mwaka 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana alikishughulikia kigari hicho kwa majuma matano, kila amalizapo masomo na chuo. Kilipokamilika akakiweka juu ya meza ya sebuleni na kutangaza mbele ya wageni kwamba kimefanana na gari la kweli katika kila kitu.

Baba yake ni fundi wa bodi za magari kwa miaka mingi. Akakitwaa, akakigeuza huku na huku, akakiweka kando ya kigari cha chuma cha aina hiyohiyo alichokuwa nacho jirani. Kisha akasema, mbele ya wageni walewale: “Hii si Charger. Ni fupi, paa si lake, na limesimama kama meza yenye mguu mmoja mfupi.” Kijana hakujibu neno. Usiku akakitumbukiza kigari katika mfuko wa taka. Mama akakitoa, akakificha kabatini, na sasa anauliza: baina ya mume wangu na mwanangu, nani mwenye haki?

Kabla ya yote, nimuondoe wasiwasi msomaji atakayeuliza kama jambo lenyewe lafaa. Khilafu ijulikanayo ya wanazuoni kuhusu sanamu inahusu vyenye roho, na gari si miongoni mwa hivyo. Kinachotakiwa ni kuchunga sala, mali na wakati, na kwa maelezo ya mama, kijana huyu hakupoteza kimoja katika hivyo.

Sasa turudi kwenye swali. Nimeunganisha vigari vya namna hii tangu ujana wangu, na sikutaka kutoa jawabu kwa kusikia tu. Nilimwomba mama anipelekee vipimo na picha, naye akafanya hivyo. Baba ametoa tuhuma tatu, na haki inataka kila moja isikilizwe peke yake.

Tuhuma ya kwanza ni kwamba kigari ni kifupi. Hapa hatuhitaji jicho bali rula. Kipimo cha kuaminika zaidi katika gari lolote ni umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa kuwa hakibadiliki kwa bampa wala mapambo. Kwa Charger ya 1969 umbali huo ni inchi 117, yaani takriban milimita 2,972. Seti ya kijana imeandikwa skeli ya 1:25. Gawanya kwa 25, utapata milimita 118.9. Mama amepima kigari cha mwanawe akapata milimita 119. Kwa hiyo kigari si kifupi hata kidogo.

Basi baba aliona nini? Aliona kweli tofauti, ila kigari cha jirani ni cha skeli ya 1:24. Katika skeli hiyo umbali huo huwa milimita 123.8, karibu milimita tano zaidi. Skeli hizi mbili zimeishi pamoja kwa miongo mingi na zimewachanganya wengi. Ile ya 1:24 inatokana na rula ya inchi, ambapo nusu inchi husimama mahali pa futi moja. Ile ya 1:25 ilizoeleka Marekani kwa vigari vya matangazo vilivyotolewa na wauza magari katika miaka ya 1950, na watengenezaji wa seti kama AMT wakaendelea nayo. Baba alipima kwa kipimo kisichokuwa chake. Mfanyabiashara akipima sukari kwa jiwe la mizani lisilo sahihi huwa amedhulumu hata kama hakukusudia, na mwenye kupima kazi ya mtoto yuko katika hatari hiyohiyo.

Tuhuma ya pili ni paa. Charger ya miaka ile ina alama yake ya pekee: nguzo za nyuma za paa hurefuka kama mbawa mbili, na kioo cha nyuma kimezama katikati yake. Umbo hili ni gumu kulinakili, na jicho la fundi wa bodi hulitambua upesi. Nilitazama picha za mama, na za kwanza hazikunifaa. Zilipigwa kwa simu kwa karibu mno, na lenzi ya simu ikiwa karibu huvimbisha kilicho mbele na kukifinya kilicho nyuma. Nikamwomba arudi nyuma hatua tatu, akishushe kigari usawa wa jicho na apige ubavuni. Picha hiyo nikailinganisha na picha za matangazo za wakati ule zilizopigwa ubavuni vilevile. Baba amesema kweli: paa limeinuka kidogo juu ya mlango kuliko inavyostahili.

Hapa ningependa kusimama kidogo juu ya suala la ushahidi. Maulamaa wetu wa hadithi walitufundisha kutotosheka na maneno yaliyosemwa, bali kuuliza pia aliyeyapokea na aliyeyasimulia. Wala silinganishi mchezo na dini, ila adabu ile ya uhakiki inafaa kila mahali. Picha ya gari lililotengenezwa upya miaka ya karibuni ni msimulizi dhaifu, kwani huenda mwenyewe amelitia sehemu za mwaka mwingine. Ikiwa picha imeandikwa 1969 lakini nyuma zinaonekana taa nne za duara, fahamu kwamba msimulizi amechanganya: hizo ni za 1968. Ya 1969 ina taa mbili ndefu za nyuma, na grili yake imegawanywa katikati. Ya 1970 imezungushiwa bampa la kung’aa kuzunguka grili yote. Hata mng’aro wa rangi unaweza kupotosha, maana magari yale yalitoka kiwandani na rangi yenye vijichembe na milango isiyolingana sawasawa, ilhali mengi ya yale tuyaonayo leo katika maonyesho yamesuguliwa hadi kupita yalivyozaliwa. Mwenye kutafuta usahihi na aanze na michoro na vitabu vya matangazo vya kiwanda, kisha picha za zama zenyewe, na magari yaliyofufuliwa yaje mwisho.

Paa basi lina kosa. Lakini ni kosa la nani? Katika seti hizi bodi yote, pamoja na paa, hutoka kiwandani ikiwa kipande kimoja. Plastiki ya moto husukumwa ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu ikiwa imechongwa vibaya, kila bodi itokayo humo hubeba kosa lile, pengine kwa miaka mingi, kwa kuwa kalibu ni ghali na hutumiwa tena na tena. Kijana hakulichonga paa lile. Alipewa. Kumlaumu kwa hilo ni kumbebesha mzigo wa mwingine, na dini yetu imekataza jambo hilo katika makubwa na madogo.

Tuhuma ya tatu ni kusimama kombo. Mama amekiweka kigari juu ya kipande cha kioo, na kweli gurudumu la mbele la kushoto limeelea hewani. Hili ni la kijana mwenyewe. Aliibandika ekseli akaiacha gundi ikauke bila kujaribu kwanza juu ya kitu kilichonyooka. Wala si kosa dogo. Katika mashindano ya IPMS ya Marekani, chama cha waunganishaji wa mifano ya plastiki, waamuzi huanza na mambo ya msingi kama haya kabla ya kuingia katika usahihi wa kihistoria: je, magurudumu yote manne yamegusa chini? Viungo vimezibwa na kupigwa msasa? Rangi ni laini, au imerundikana? Maana tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukilikuza mara 25, ni sawa na rangi nene ya milimita mbili na nusu juu ya gari la kweli, nayo huzifukia nafasi za milango.

Kwa hiyo katika tuhuma tatu, moja baba amekosea, moja amesema kweli lakini amemtwika asiyehusika, na moja amepatia barabara.

Lakini kijana naye ana neno la kujibu. Alisema kigari chake kimefanana na gari la kweli katika kila kitu. Huo ni ushahidi, na hakuna mwunganishaji duniani awezaye kuutoa. Plastiki ya mlango yenye unene wa milimita moja, katika skeli ya 1:25, inasimama mahali pa bati la milimita 25, ilhali bati la gari halifiki hata milimita mbili. Plastiki haiwezi kuwa nyembamba kiasi hicho na ikashikika. Zaidi ya hayo, injini aliyoitia ni ile ya Hemi, yenye inchi za ujazo 426, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya machungwa. Yeye ameipaka nyekundu kwa sababu ndiyo rangi aliyokuwa nayo. Si dhambi kupaka nyekundu. Lakini aliyeipaka nyekundu hawezi kusema “katika kila kitu”. Anaweza kusema, “Hapa nimefuata kiwanda, na hapa nimefuata kopo langu la rangi.” Maneno hayo hayampunguzii heshima, bali humfanya mtu wa kuaminiwa.

Naona kwamba kilichomwuma baba ni dai lile, si kigari. Fundi aliyetumia umri wake kunyoosha bati amesikia neno “sawa kabisa” likitamkwa wepesi, na ghera ya kazi yake ikamshika. Ghera hiyo ni njema. Ubaya ni kwamba ilitangulia rula, na ikatolewa mbele ya watu. Mtoto wa miaka 13 hasikii hoja ya paa mbele ya wageni. Anasikia kwamba baba yake amemwona si kitu.

Basi ushauri wangu kwa nyumba hii ni huu. Baba amwite mwanawe, amwambie kwamba katika urefu alikosea, na amwonyeshe kwa rula alivyokosea. Kwa kuwa alitamka mbele ya wageni, ni vyema wageni hao nao wapate habari ya kurudi kwake. Kisha wakae pamoja wainyooshe ile ekseli: waikate gundi kwa kisu chembamba, waisugue kwa tupa ndogo, waweke bodi juu ya kioo, na waisubiri mpaka ikauke kabla ya kunyanyua. Dirisha liwe wazi, kwani harufu ya gundi hiyo haifai kifua cha mkubwa wala mdogo. Kuhusu paa, fundi wa bodi anajua zaidi yangu namna ya kulipunguza kwa msasa na puti, wakitaka. Wasipotaka, waliache.

Mwisho, kijana aandike kadi ndogo aiweke mbele ya kigari: “Dodge Charger 1969, skeli 1:25. Umbali wa magurudumu: sahihi. Paa: limezidi kidogo, kosa la kalibu. Injini: rangi si ya kiwanda, ni hiari yangu.” Mgeni atakayeisoma kadi hiyo atajua zaidi kuhusu gari lile kuliko aliyeambiwa kwamba limefanana katika kila kitu, na atamjua vilevile aliyeliunganisha.

Nanyi wasomaji wengine, kesho mtoto atakapowaletea mkeka aliosuka, insha aliyoandika au chapati aliyoipika mwenyewe, kumbukeni habari hii. Ulizeni kwanza: kipimo changu ni cha kitu hiki hasa, au ni cha kitu cha jirani? Kosa ninaloliona ni lake, au alipewa nalo? Na je, pahala hapa ndipo pa kulisema?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika mizani zetu na katika ndimi zetu. Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.