Kioo Kinapogeuka Jicho

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nimeketi katika kibanda cha fundi wa simu mjini Nyeri, nikisubiri simu yangu ibadilishwe kioo. Akaingia mama mmoja na mwanawe, mwanafunzi wa shule ya upili, wakiwa na simu ya kukunjwa waliyopewa na jamaa yao aishiye Marekani. Shida yao ilikuwa ndogo: picha zilizopigwa kwa kamera ya ndani zilitoka kana kwamba zimefunikwa na ukungu wa Julai wa hapa kwetu. Fundi aliigeuzageuza ile simu, kisha akacheka. "Mama, hii haijaharibika. Kamera yake iko chini ya kioo, ndiyo maana." Kijana akakikodolea macho kile kioo kizima, kisicho na tundu wala alama, akauliza: "Sasa fundi, nitajuaje inaponitazama?" Fundi akanigeukia. "Mwalimu, hilo ni lako."

Siku hiyo sikuwa na jibu la kuridhisha. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo, kwani naamini swali la kijana yule ni zito kuliko lilivyosikika pale kibandani.

Tuanze na ufundi wenyewe. Kioo cha simu cha aina ya OLED kimejaa vitoa mwanga vidogo mno viitwavyo pikseli, na kila kimoja hujiwakia chenyewe bila kuhitaji taa nyuma yake. Kati ya pikseli moja na nyingine pana nafasi ambamo mwanga unaweza kupenya, na ni nafasi hizo ambazo wahandisi wamezitumia. Katika sehemu iliyo juu ya kamera, ama wao hupunguza idadi ya pikseli, ama huzifanya ndogo zaidi, na hujitahidi kutumia nyaya zinazopitisha mwanga. Picha inapopigwa, pikseli za mahali hapo kwa kawaida huzimwa ili zisiitie kamera kiwi. Hata hivyo, mwanga unaopita katika vipenyo vyembamba kiasi hicho hupinda na kutawanyika, hivi kwamba ufikapo kwenye lenzi huwa umepungua na kuvurugika. Kazi ya kuusafisha huachiwa programu, ambayo hukisia yale ambayo jicho halikuyaona sawasawa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na historia fupi ya kamera hii inawaunga mkono. Mwaka wa 2017 simu ya iPhone X iliacha pengo juu ya kioo ili kamera ipate mahali pa kukaa. Baadaye simu nyingi zikatobolewa tundu dogo. Mwaka wa 2020 kampuni ya ZTE ya Uchina ikauza Axon 20, simu ya kwanza kufika sokoni ikiwa na kamera iliyofichwa chini ya kioo, na mwaka wa 2021 Xiaomi na Samsung wakafuata. Kamera ya ndani ya Galaxy Z Fold3 ya Samsung ilikuwa na megapikseli 4 tu. Lakini mwaka wa 2025 kampuni hiyo hiyo ilipotoa Z Fold7, ililirejesha tundu, na kamera ikawa ya megapikseli 10. Basi hadi hapo tulipofika, jicho lililofichwa limekuwa likiona vibaya kuliko lililo wazi. Hapana shaka, hata hivyo, kwamba wahandisi hawatakata tamaa.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni lugha, na ni kwa njia ya lugha ninavyolielewa swali la kijana. Neno kioo lilikuwa na maana mbili zilizozoeleka: kile cha dirishani kipitishacho mwanga, na kile cha kujitazamia kirudishacho sura. Simu zilipoenea, wasemaji wakaongeza maana ya tatu. Wataalamu walipendekeza kiwambo, neno zuri litokanalo na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Wengine wakachukua skrini. Fundi wetu hapa Nyeri alibaki na kioo. Katika maana zote hizo, mtu ndiye atazamaye na kioo ndicho kitazamwacho. Leo, kwa mara ya kwanza, kioo chenyewe kinatazama, na hakionyeshi kinatazama kwa jicho lipi. Hilo ndilo lililomshtua kijana yule.

Huenda msomaji akasema kwamba hata tundu lililo wazi halikuambii kama kamera inafanya kazi. Ni kweli. Kinachoashiria ni ile nukta ya kijani ambayo simu za iPhone zilianza kuionyesha mwaka wa 2020 na za Android mwaka wa 2021, kamera inapotumika. Lakini tundu lilikuwa na faida yake: lilionyesha jicho lilipo, na aliyetaka angeweza kulifunika kwa kidole au kwa kipande cha karatasi. Likiondoka, tunabaki kuitegemea nukta, na nukta ni kazi ya programu. Imani yetu inahama kutoka kwa kitu tunachokigusa hadi kwa ahadi ya mtengenezaji.

Suala hili linagusa shule moja kwa moja. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa tunakosea hivyo kwa kamera inayoonekana, sembuse ile isiyoonekana?

Wala tusidhani kwamba vifaa hivi ni vya watu wa mbali. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati mwaka wa 2012, kiko hapa hapa Nyeri, na ndicho kilichoipokea kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na semikondakta. Kila pikseli ya simu huongozwa na transista, na transista ni semikondakta. Mwanafunzi wa Karatina, Kerugoya au Chuka aweza kesho kuwa miongoni mwa wanaobuni vioo hivi. Ningependa aingie katika karakana hiyo akiwa tayari amejiuliza swali la kijana yule.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Lifundisheni jambo hili darasani, katika Fizikia na katika Kiswahili pia. Mwonyesheni mwanafunzi nukta ya kijani na maana yake, na pale anapoweza kuona ni programu zipi zilizoruhusiwa kutumia kamera. Kisha mfundisheni kuviita vitu kwa majina yanayosema kweli. Matangazo husifu kioo kizima kisicho na dosari. Jina hilo linataja uzuri na kulificha jicho. Fundi hakuwa na haja ya kamusi. Alisema "kamera iko chini ya kioo," na mara tu aliposema hivyo, kijana akajua la kuuliza.