Wageni wa Siku Moja

Mzazi mmoja ametuuliza: wanawe na wajukuu wanaoishi ng'ambo watashuka Kilindini asubuhi kwa meli ya watalii, na jioni itang'oa nanga. Waipangeje siku hiyo?

Jawabu letu: waanze kwa mzazi. Tumewahi kuona wageni wakizimaliza saa zao kwa picha penye Pembe za Ndovu, na nyanya aliyepika tangu alfajiri akaambulia salamu za mlangoni. Hasara iliyoje!

Baada ya mahamri na mbaazi, watoto wapelekwe Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha wapite kwa miguu Mji wa Kale, waonyeshwe nyumba walimozaliwa wazee wao. Hayo yatosha.

Msafiri anayo ruhusa ya kupunguza Adhuhuri na Alasiri na kuzikusanya. Ila akiswali nyuma ya imamu mkaazi, atakamilisha rakaa nne.

Wawe wamerejea bandarini mapema, kwani meli haimngoji mtu. Ngome wataikuta wakija tena. Ama mzazi, Allah ndiye ajuaye. Twamwomba awakutanishe kwa salama. Amin.