Kutoka Ilungu hadi Leza
Wahunzi wa Ufipa hawakutegemea ukubwa wa moto peke yake. Tanuri refu la ilungu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, lilitoa bonge la chuma kutoka kwenye mawe. Bonge hilo likasafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto. Naamini walimu wa fizikia wa Chala na Sumbawanga wanapaswa kuanzia hapo wanapofundisha leza za nyuzi za kioo zitoazo mapigo mafupi mno ya mwanga, kwa kuwa nazo hutegemea mpangilio wa hatua kuliko wingi wa nguvu. Pigo la femtosekunde 100 lina urefu wa mikromita 30 tu hewani, chini ya unene wa unywele. Likikuzwa hivyo hivyo ndani ya uzi, ukali wake hulivuruga, hata huweza kuuharibu uzi wenyewe. Ili kuepuka hatari ya aina hiyo, mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walirefusha kwanza pigo la leza katika uzi wa zaidi ya kilomita moja, wakalikuza, ndipo wakalibana tena. Mwaka 2018 wakapewa Nobeli. Atasema mtu kwamba mkulima anahitaji mbolea, si leza. Anahitaji pia macho, na mapigo haya hukata konea bila kuchoma pembeni. Gharama? Vifaa ni ghali kweli, ila usanifu huanza na hesabu: ndani ya uzi wa kawaida wa mawasiliano, mawimbi ya mwanga wa infraredi yenye urefu tofauti husafiri kwa kasi tofauti, mengine yakitangulia na mengine yakichelewa, na mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukokotoa ucheleweshaji huo kwa kalamu na karatasi.