Hadhira ya Peni Moja na Upotofu wa Wahakiki

Ni desturi iliyokita mizizi katika uhakiki wa Shakespeare kuigawa hadhira yake mafungu mawili: waungwana walioketi roshanini wakaufahamu ushairi, na makabwela waliosimama uani wakingojea vichekesho na umwagaji damu. Robert Bridges, katika makala yake ya 1907, aliilaumu hadhira hiyo kwa dosari alizoziona katika kazi ya mtunzi. Dai hili hurudiwa madarasani kana kwamba limethibitishwa. Kwa hakika ni dharau ya kitabaka iliyovikwa joho la uhakiki.

Kwanza, jengo lenyewe linalikanusha. Mswisi Thomas Platter, aliyezuru London mwaka wa 1599, alieleza kuwa peni moja ilimpa mtu nafasi ya kusimama, ya pili kiti, na ya tatu mto wa kukalia. Hata hivyo, jukwaa lilichomoza hadi katikati ya ua, hivi kwamba waliolipa kidogo kabisa ndio waliowazingira waigizaji pande tatu. Maonyesho yalifanyika alasiri, chini ya anga wazi, bila mandhari ya kuchorwa. Usiku, msitu na dhoruba vilijengwa kwa maneno. Asiyesikiliza hakuona kitu.

Pili, wahakiki hupenda kutaja jinsi Hamlet anavyowabeza wasimamaji hao, wakadai kuwa hiyo ndiyo sauti ya Shakespeare. Huku ni kumchanganya mhusika na mtunzi, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa dhidi yake. Anayesema ni mwana wa mfalme, naye anasema yanayolingana na tabaka lake. Isitoshe, kejeli hiyo ilitamkwa mbele ya wabezwa wenyewe. Mtunzi alitarajia waielewe.

Tatu, Ann Jennalie Cook alishikilia mwaka wa 1981 kwamba wenye nafasi katika jamii ndio waliotawala hadhira, kwa kuwa mfanyakazi hakuwa na faragha ya alasiri. Ni kweli kwamba si kila kibarua aliweza kuhudhuria kila siku. Lakini mwaka wa 1597 Meya wa London na wenzake walililalamikia Baraza la Malkia kwamba michezo iliwatorosha wanagenzi na watumishi kazini. Ushahidi wa adui hauwezi kupuuzwa: asiyekuwepo halalamikiwi.

Hatimaye, kuanzia 1609 kundi la Shakespeare lilikuwa pia na ukumbi wa Blackfriars, wenye paa, ambako kiingilio cha chini kilikuwa peni sita. Globe ilipoteketea mwaka wa 1613, waigizaji hao wangeweza kuwatupa makabwela na kubaki na matajiri. Badala yake waliijenga upya kufikia 1614, ua ukiwa pale pale. Waliowajua watazamaji hao kwa macho hawakuwaona kuwa mzigo.

Suala hili si la historia tupu. Mhakiki anayeamini kwamba ufahamu wa fasihi hupimwa kwa bei ya kiti ataidharau hadhira yoyote isiyo na vyeti, kisha aiite dharau hiyo elimu. Tamthilia za Shakespeare ziliiva mbele ya watu waliosimama kwa muda wa saa mbili au zaidi, wakiwemo wasiojua kusoma. Kuwanyima watu hao akili ni kuinyima kazi yenyewe chimbuko lake.