Kimo Peke Yake Hakimwangushi Mtu

Tangu mahindi yaanze kushushwa kutoka mashambani, gumzo la hapa Kabungu ni mpwa wangu. Ana miaka 19, kidato cha nne alishamaliza, kimo chake kinakaribia mita 1.95, na gunia la kilo 100 analitoa kwenye mizani hadi kwenye Fuso bila kutua. Kijana mmoja aliyetoka Mpanda mjini alimwonyesha kwenye simu video za mpira wa Marekani, ule wa kuvaa helmeti na kugongana, akamwambia yeye ni mlinzi wa pembeni wa kuzaliwa. Siku ya tatu dada yangu alikuwa anahesabu ng'ombe wa kuuza kwa ajili ya ada ya wakala.

Mpwa nampenda na dada namheshimu, ila hoja ninazozisikia kijiweni zimelegea. Nazijibu moja baada ya nyingine.

"Mwili anao, mengine atafundishwa."

Tuanze na kazi yenyewe. Mlinzi wa pembeni hukaa mwishoni mwa safu ya mbele ya ulinzi. Windo lake ni kotabeki, yule anayepokea mpira na kuurusha. Kotabeki mzuri huuachia mpira ndani ya sekunde mbili na nusu hadi tatu. Katikati yao kuna mtu wa kilo 140 hivi anayelipwa kuziba njia. Kwa hiyo mlinzi anahitaji hatua ya kwanza ya kushtukiza, mikono ya kuupangua mkono wa mwenzake, na kiuno cha kukata kona huku mwili umeinama. Kimo kinampa mikono mirefu. Mengine hayo kimo hakiyatoi.

Sisi Watanzania somo hili tulishalipata kwenye mpira wa kikapu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, aliteuliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Chuoni Connecticut alikuwa ukuta. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Grizzlies wakampeleka ligi ya chini akapate dakika za kucheza. Alidumu NBA misimu mitano, jambo ambalo hakuna Mtanzania mwingine aliyelifanya, na heshima hiyo ni yake. Lakini waliomteua walilipia sentimita, wakadhani miguu yenye kasi na mikono laini vingekuja vyenyewe.

Mpwa wangu nimempima uani. Nilimwambia apige goti kama mwanariadha, nikashika sarafu usawa wa bega, nikamwambia achomoke ikigusa ardhi. Mara ya kwanza alisimama wima kwanza, ndipo akaanza kukimbia. Mara ya pili hivyo hivyo. Kule uwanjani, muda huo wa kunyanyuka unatosha mpinzani kumkamata kifuani, na mchezo umeishia hapo. Mara ya sita nikamkumbusha anavyolibeba gunia: unaingia chini yake, magoti yanafanya kazi, mgongo unafuata. Akachomoka chini chini, kifua karibu na mapaja. Hapo ndipo nilipoona kitu. Kulibeba gunia hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba aliambiwa jambo mara moja na mwili ukalisikia.

"Amechelewa. Wenzake wameanza wakiwa watoto."

Hoja hii ni ya wanaompinga, nayo imepitiliza. Ezekiel Ansah alizaliwa Accra, akaenda chuo cha Brigham Young, akajaribu kikapu akaachwa, akakimbia mbio fupi, na mpira wa Marekani akauanza mwaka 2010 akiwa na miaka 21. Mwaka 2013 Detroit Lions walimteua wa tano. Mwaka 2015 alimwangusha kotabeki mara 14 na nusu. Hiyo nusu hutolewa pale wawili wanapomwangusha pamoja. Efe Obada, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia London, alikuwa mlinzi wa ghala, na alikuwa amecheza mechi tano tu na London Warriors pale Dallas Cowboys walipomsajili mwaka 2015.

Nafasi hii inawapokea waliochelewa kuliko nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ni kasi, nguvu na shabaha moja. Kotabeki anayeanza na miaka 21 simjui. Ila Ansah alikuwa na kilo 123 na bado alikimbia mita 36 na nusu kwa sekunde 4.63. Mpwa wetu hajawahi kupimwa kwa saa.

"Adongo wa Kenya alifika, na wetu atafika."

Huu ndio mfano unaopendwa kuliko yote, na ndio unaosomwa vibaya. Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo, akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani kwenye NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Wanaomtaja huacha nusu ya habari. Adongo alikuwa tayari mchezaji wa raga wa kulipwa, amepita Sharks ya Durban na Counties Manukau ya New Zealand. Kugonga na kugongwa, lishe, mazoezi ya uzito na kuamka mapema kwa amri ya kocha vilikuwa maisha yake kwa miaka. Pamoja na hayo yote, alicheza mechi chache, akaumia, na mwaka 2015 Colts wakamwachia.

Nikiulizwa Adongo anathibitisha nini, nitasema anathibitisha kwamba mlango upo na kwamba kizingiti chake ni kirefu. Alitokea uwanja wa raga. Wa kwetu anatokea kwenye mizani ya mahindi.

"Akisaini tu, umaskini kwaheri."

Mwaka 2025 kima cha chini cha mchezaji mpya aliye kwenye kikosi kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Kikosi kina watu 53, malipo huhesabiwa wiki kwa wiki, na mikataba mingi ya wachezaji wa chini hukoma siku unayoachwa. Obada alipitia Cowboys, Chiefs na Falcons, na kote aliachwa. Alipata nafasi kwa Carolina Panthers mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kusaini mara ya kwanza.

"Wakala anataka ada ya kumwandikisha."

Hapa jibu ni fupi. Klabu ndiyo humlipa mchezaji. Anayemdai mama mjane ng'ombe watatu kabla kijana hajakimbia hata mita 40 mbele ya kocha, biashara yake ni ng'ombe.

Basi, hukumu yangu? Kwa leo, nafasi ya mpwa wangu ni ndogo sana. Nimemwambia dada ampe miaka miwili: kikapu na mbio fupi Mpanda mjini, kisha atafute klabu ya raga Arusha au Dar es Salaam, ajue kama mwili wake unapenda kugongwa. Nauli tutachanga.

"Na ng'ombe?" dada akauliza.

"Warudi zizini, dada."

Kijana mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa ameshapiga goti pale uani, anaisubiri sarafu.